Kadi ya chipu, ufunguo wa USB au chipu ya ndani: njia ipi ya kuingilia kompyuta mpakato iwafae?

Kompyuta mpakato nyingi za mtumba zinazoingia kwetu kutoka ofisi za Ulaya na Marekani, hasa Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad, zina tundu jembamba ubavuni lisilopokea USB wala kadi ya kumbukumbu. Wengi hawajui ni la nini. Ni kisomaji cha kadi ya chipu. Mwenye mashine wa kwanza alikuwa akichomeka kitambulisho chake cha kazi, anaandika namba ya siri, ndipo Windows inamfungulia. Serikali ya Marekani iliagiza kitambulisho cha aina hiyo kwa watumishi wa serikali kuu mwaka 2004, na jeshi lake lilikuwa limeshaanza kabla ya hapo.

Ofisi inayotaka kuachana na nywila leo ina njia tatu za kuchagua. Ya kwanza ni kadi hiyo. Ya pili ni ufunguo wa usalama wa USB unaofuata kiwango cha FIDO2, kama YubiKey. Ya tatu haikudai ununue kitu: ni chipu ya TPM iliyomo ndani ya kompyuta, inayofunguliwa kwa namba ya siri, alama ya kidole au uso, na ambayo kwenye Windows huitwa Windows Hello. Zote tatu ni bora kuliko nywila peke yake. Kinachozitenganisha ni mahali kila moja inapovunjikia, na hapo ndipo wanunuzi wengi hawaulizi.

Vipimo

Nimezipima kwa maswali matano. Ufunguo unakaa wapi? Kompyuta ikishaingiwa na programu hasidi, nini kinabaki salama? Mtu akinyanyuka mezani, kompyuta inafanya nini? Kifaa kikipotea, au chipu yenyewe ikigundulika ina kasoro, mnatokaje? Na la mwisho, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye uzito kuliko yote: nani atabeba kazi ya kila siku?

Usimbaji wa diski, yaani kuifunga data isisomeke bila ufunguo, nimeuacha nje kwa makusudi. Hakuna hata njia moja kati ya hizi inayomzuia mwizi kuifungua kompyuta, kuchomoa diski na kuisoma kwingine. Kazi hiyo ni ya BitLocker kwenye Windows, FileVault kwenye Mac au LUKS kwenye Linux. Wengi hudhani kadi inafanya yote mawili, lakini BitLocker inaikubali kadi kwa diski za data tu, siyo kwa diski yenye Windows yenyewe. Washeni usimbaji kwanza, ndipo mjadili namna ya kuingia.

Ufunguo unakaa wapi

Kanuni ni moja kwa zote tatu. Siri inayokutambulisha ni ufunguo wa kihisabati uliofungiwa ndani ya chipu. Kompyuta huuliza swali, chipu husaini jibu, na ufunguo hautoki. Namba ya siri unayoandika haiendi kwenye seva. Kazi yake ni kuiruhusu chipu isaini. Ndiyo maana namba fupi inatosha, kwa kuwa chipu inahesabu makosa. Kadi nyingi hujifunga baada ya makosa matatu na kudai namba nyingine ya kufungulia, ambayo hushikwa na msimamizi. Ufunguo wa FIDO2 huvumilia makosa manane, kisha hauna budi kufutwa wote na kusajiliwa upya. TPM kwenye Windows hujifunga baada ya makosa 32, na husamehe kosa moja kila baada ya dakika kumi.

Tofauti iko kwenye kutembea. Kadi na ufunguo wa USB hutembea na mtu, kwa hiyo anayeiba kompyuta hajapata kitambulisho. TPM imeunganishwa kwenye ubao wa mashine: aliyeiba mashine ana chipu tayari, anatafuta namba au kidole tu. Lakini faida hiyo ya kadi na USB inategemea tabia. Kadi inayolala ndani ya mkoba wa kompyuta, au iliyosahauliwa kwenye tundu lake, imeibiwa pamoja na mashine.

Hapa kuna mtego unaostahili onyo la wazi. Si kila kadi ni kadi ya chipu kwa maana hii. Zipo programu zinazouzwa kwa ofisi zikiahidi kwamba kadi ileile ya kufungulia mlango itafungua na kompyuta kwa kuigusisha tu. Nyingi za kadi hizo ni MIFARE Classic au za aina ya zamani zaidi, na programu husoma namba ya utambulisho iliyohifadhiwa ndani ya kadi bila hesabu yoyote ya siri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Nijmegen, waliuvunja ulinzi wa MIFARE Classic mwaka 2008. Leo nakala ya kadi kama hiyo hutolewa kwa kifaa cha bei ndogo. Muuzaji akiwaambia "kadi janja", mwulizeni kama ndani yake kuna ufunguo wa siri na cheti (hati ya kidijitali inayothibitisha ufunguo ni wa nani), na kama inafuata PIV, kiwango cha serikali ya Marekani cha kadi za utambulisho. Akijibu kwamba inasoma namba ya kadi, achaneni naye.

Kompyuta ikishaambukizwa

Kadi inaulinda ufunguo usinakiliwe. Haiwezi kuuzuia usitumiwe na mtu mwingine aliyemo ndani ya mashine hiyohiyo. Januari 2012 kampuni ya AlienVault ilieleza aina mpya ya programu hasidi ya Sykipot iliyowalenga watumiaji wa kadi za Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Haikuivunja chipu. Ilirekodi vitufe mtumiaji alipoandika namba ya siri, ikaorodhesha vyeti vilivyokuwepo, kisha ikasubiri kadi ichomekwe ndipo ijiingize kwenye mifumo kwa jina la mwenye kadi. Mradi kadi iko tunduni na namba imeshajulikana, chipu husaini kila inachoombwa, kwa sababu haina njia ya kujua nani anaomba.

Ufunguo wa FIDO2 una jibu la sehemu: unadai uguswe kwa kidole kila unaposaini. Programu hasidi haina kidole. Zaidi ya hapo, kila jibu limefungwa kwenye jina la tovuti au huduma husika, hivyo ukurasa wa kughushi hauambulii kitu. Kwa ulaghai wa barua pepe, huu ndio ubora wake mkubwa. Hata hivyo, ukishaingia, kikao kiko wazi, na aliye ndani ya kompyuta anaweza kuiba vidakuzi vya kivinjari, vinavyoshikilia kikao hicho, bila kuugusa ufunguo. Windows Hello nayo iko hivyo kwenye kikao kilichofunguka, ila siri yake haina maana nje ya mashine ile: namba ya Hello iliyoibwa haimfungulii mtu barua pepe akiwa kwingine.

Kwa kadi lipo jambo lililojificha nyuma ya pazia ambalo nimeona wasimamizi wazuri wakilipita. Katika Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kusimamia akaunti za ofisi nzima, unaweza kuweka alama kwamba akaunti fulani lazima iingie kwa kadi. Wengi huamini kwamba hapo nywila imekufa. Haikufa. Mfumo huipa akaunti nywila ndefu ya kubahatisha, na hashi yake (alama ya kihisabati inayotokana na nywila) inaendelea kuishi kwa ajili ya programu za zamani. Katika mpangilio wa zamani hashi hiyo haibadiliki kamwe, kwa kuwa hakuna mtu anayebadili nywila tena. Mdukuzi aliyeichota mara moja kutoka kwenye kumbukumbu ya kompyuta anaweza kuitumia mwezi hadi mwezi bila kadi wala namba. Domeni, yaani kundi la akaunti na kompyuta linalosimamiwa na Active Directory, iliyofika kiwango cha Windows Server 2016 inaweza kuzungusha siri hizo yenyewe, lakini hakikisheni mpangilio huo umewashwa. Domeni iliyorithiwa kutoka kwa seva za zamani inaweza kuwa haijauwasha.

Mtu akinyanyuka mezani

Hapa kadi ingepaswa kushinda kwa mbali. Kama kadi hiyohiyo ndiyo inayofungua mlango wa ofisi na kulipia chakula, mtu hawezi kwenda popote bila kuichomoa, na ikichomolewa kompyuta inajifunga. Hospitalini, kwenye kaunta ya benki au mapokezi, sioni njia nyingine inayolingana nayo.

Shida ni kwamba Windows haifanyi hivyo usipoiagiza. Sera ya kuchomoa kadi, kwa chaguo la awali, imewekwa "usifanye lolote", na huduma inayoisimamia haianzi yenyewe. Mtu anachomoa kadi yake, anaamini amefunga, kumbe kioo kiko wazi kwa yeyote anayepita. Mpangilio wa GNOME kwenye Linux nao huanza bila hatua yoyote. Kwa hiyo jaribio la kwanza kwenye ofisi yenye kadi ni jepesi: chomoeni moja mtazame.

Ufunguo wa USB huguswa wakati wa kuingia, na mtu anaweza kuuweka mfukoni huku kikao kikiendelea. Kwa swali hili hauna msaada wa kutegemea. Windows Hello ina njia ya kufunga kompyuta simu ya mwenyewe inapotoka nje ya umbali wa Bluetooth, lakini hukawia kidogo. Kwa njia zote mbili, kilichobaki ni muda mfupi wa kujifunga kwa kioo na mazoea ya kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na L.

Kifaa kikipotea, au chipu ikiwa na kasoro

Kisa cha Estonia kinafaa kusomwa na kila anayenunua kadi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Masaryk, Brno, waligundua kwamba maktaba ya programu ya Infineon ilikuwa inatengeneza funguo za RSA, aina moja maarufu ya funguo za siri, kwa mtindo unaoweza kukisiwa. Kasoro hiyo ikaitwa ROCA. Vitambulisho vya taifa vya Estonia kiasi cha 750,000 vilikuwa na chipu hiyo, na mapema Novemba serikali ilisimamisha vyeti vyake mpaka vifanywe upya. Wananchi wengi waliweza kuvifanya upya kwa mbali, wakiwa nyumbani, kwa sababu kadi na mfumo wa vyeti vilijengwa na uwezo huo tangu mwanzo.

Ninachotaka mkione ni kwamba ROCA haikuwa kasoro ya kadi peke yake. Maktaba ileile ilikuwa ndani ya YubiKey 4 na ndani ya chipu za TPM za Infineon zilizokuwa kwenye kompyuta mpakato za kampuni mbalimbali. Vifaa vya aina zote tatu viliguswa kwa pamoja, ingawa kwenye YubiKey 4 ilikuwa upande wa funguo za RSA, si wa FIDO. Zilitofautiana kwenye kutibu. TPM ilihitaji sasisho la programu ya chipu, kisha funguo kutengenezwa upya. YubiKey haisasishwi baada ya kutoka kiwandani, hivyo mtengenezaji alibadilisha vifaa. Hali hiyo ikajirudia Septemba 2024, kampuni ya NinjaLab ilipoonyesha udhaifu mwingine kwenye maktaba ya Infineon uliozigusa YubiKey 5 zenye programu ya kabla ya toleo la 5.7. Shambulio hilo linadai mtu ashike ufunguo wako, aufungue na kuupima kwa vifaa vya maelfu ya dola, kwa hiyo kwa ofisi ya kawaida si sababu ya kuzitupa. Ni sababu ya kutazama namba ya toleo kabla ya kununua.

Vihisi vya alama ya kidole navyo vina historia yake. Novemba 2023 kampuni ya Blackwing Intelligence, iliyokuwa imeombwa kazi hiyo na Microsoft, ilivipita vihisi vya Dell Inspiron 15, Lenovo ThinkPad T14 na Surface Pro X. Ulinzi ambao Microsoft iliubuni kwa mawasiliano kati ya kihisi na kompyuta haukuwa umewashwa kwenye mbili kati ya hizo. Mshambuliaji lazima awe ameishika mashine. Kwa anayebeba kompyuta kwenye mabasi na viwanja vya ndege, hilo si jambo la kufikirika tu.

Kwa upotevu wa kawaida, kadi inahitaji mtu wa kubatilisha cheti na kutoa kadi nyingine, na mashine ya kuiandika iwepo ofisini. Ufunguo wa USB unahitaji wa pili uliosajiliwa mapema. Bei yake ni takriban dola 25 hadi 60, kwa hiyo bajeti ihesabu viwili kwa kila mtu, kwa kuwa kuagiza kingine kutoka nje huku mtu hafanyi kazi ni hasara kubwa kuliko bei yake. Hello haipotei bila mashine, na mashine mpya husajiliwa upya kwa dakika chache, ilimradi mtu ana njia nyingine ya kujithibitisha.

Nani atabeba kazi

Kadi yenyewe ni rahisi kununua. Mzigo uko kwenye mamlaka ya vyeti inayosimama nyuma yake. Lazima pawe na seva inayotoa vyeti, orodha ya vyeti vilivyobatilishwa inayochapishwa kwa wakati, na mtu anayejua vyote viwili. Orodha hiyo ikipitwa na tarehe kwa sababu seva ilizimika mwishoni mwa juma, Jumatatu asubuhi ofisi nzima inaweza kukuta kadi zote zinakataliwa, kadi zikiwa hazina ubaya wowote. Ukaguzi wa kadi uliofeli hufeli kwa wote kwa pamoja.

Vyeti vyenyewe vimekuwa mlango wa wadukuzi. Mei 2022 Microsoft iliziba udhaifu uliogunduliwa na mtafiti Oliver Lyak, ambao mtumiaji wa kawaida wa domeni aliweza kuutumia kuomba cheti na kujifanya seva kuu ya domeni. Tiba ilibadilisha namna cheti kinavyooanishwa na akaunti, na utekelezaji kamili ukaanza Februari 2025; vyeti vya zamani visivyobeba kitambulisho cha akaunti vikaanza kukataliwa. Oktoba 2025 sasisho jingine la usalama likabadili namna Windows inavyoshughulikia vyeti vya RSA vya kadi, na baadhi ya ofisi zikakuta programu za biti 32 hazizioni kadi au zinashindwa kusaini nyaraka. Masasisho yote hayo yalikuwa ya lazima kiusalama. Ofisi yenye mtu anayeyafuatilia na kuyajaribu kwenye mashine chache kwanza ilipita salama.

Kisha vipo visomaji. Kompyuta nyingi nyembamba za sasa hazina tundu, hivyo unanunua kisomaji cha nje. Mwaka 2022 mwandishi Brian Krebs aliripoti kisomaji cha bei nafuu, chenye wanunuzi wengi mtandaoni, ambacho draiva (programu za kukiendesha) zilizokuwa kwenye tovuti ya muuzaji zilibeba virusi vya Ramnit. Kisomaji kizuri kinafuata kiwango cha CCID na hakidai draiva yoyote. Windows, macOS na Linux zinakitambua zenyewe. Kikikuelekeza kupakua kitu, kirudishe.

Ufunguo wa USB una kazi ndogo zaidi, lakini una mpaka wake. Kwenye Windows unaingilia akaunti zilizounganishwa na Microsoft Entra, huduma ya akaunti ya Microsoft iliyo kwenye wingu. Domeni ya ndani peke yake, isiyounganishwa na wingu, haiupokei kwa FIDO2. Akaunti ya kompyuta binafsi isiyo na domeni nayo haipokei, na kwa bahati mbaya kadi iko hivyohivyo. macOS haitumii FIDO2 kufungua mashine, ila inapokea kadi za PIV bila programu ya ziada. Linux inapokea zote mbili kwa kupanga PAM, mfumo wake wa kuthibitisha watumiaji. YubiKey 5 inaweza kufanya kazi ya FIDO2 na ya PIV kwa pamoja, yaani kifaa kimoja kikawa ufunguo na kadi, na kwenye upande wa PIV unaweza kuamuru kiguswe kabla ya kusaini.

Hello ndiyo nyepesi kuliko zote. Windows 11 inadai TPM 2.0, kwa hiyo mashine mpya tayari inayo. Tahadhari ni moja: kompyuta inayotumiwa na watu wengi kwa zamu haiifai sana, maana kila mtu lazima ajisajili kwenye kila mashine.

Chagueni kwa hali yenu

Kama ni ofisi ya watu wachache, kila mmoja ana mashine yake, na fundi wa kompyuta huja akiitwa, washeni BitLocker na Windows Hello kwa namba ya siri ya tarakimu sita au zaidi. Kwa anayesafiri na siri nzito, ongezeni namba ya BitLocker inayoombwa kabla Windows haijaanza. Msijenge mamlaka ya vyeti isiyo na mlezi.

Kama kazi yenu nyingi iko kwenye Microsoft 365 au Google na mnachoogopa ni viungo vya ulaghai, nunueni funguo za FIDO2, mbili kwa kila mtu, mkianza na mhasibu, mkurugenzi na wasimamizi wa mifumo.

Kama mna domeni ya ndani, kompyuta za zamu, milango ya kadi na kikosi cha TEHAMA cha kudumu, kadi ya chipu inalipa gharama yake. Kabla ya kuigawa, agizeni kompyuta ijifunge kadi ikichomolewa, washeni mzunguko wa hashi, kagueni nani anaruhusiwa kuomba cheti cha aina gani, na pangeni anayeitazama orodha ya vyeti vilivyobatilishwa hata siku za sikukuu.

Kama sheria au mfadhili anawadai kadi lakini kompyuta hazina tundu, YubiKey yenye PIV na agizo la kuguswa itawaepusha na visomaji vya nje.

Na kama ni mtu mmoja mwenye kompyuta ya mtumba yenye lile tundu ubavuni na akaunti ya Windows isiyo na domeni, tundu hilo halitakusaidia bila programu ya ziada ya kulipia. Kwenye Linux litafanya kazi ukiwa na kadi ya PIV na subira ya kupanga. Kwenye Windows, weka namba ya Hello, simba diski, na fedha ya kadi inunulie ufunguo wa FIDO2 wa kulinda barua pepe yako.